Sailensi Haipandishwi kwa Bisibisi

Kama unamiliki gari lililovuka miaka ishirini, na barabara zetu zimejaa hayo, mazungumzo ya leo yanakuhusu.

Unafika kwenye taa za barabarani, zimewaka nyekundu. Unakanyaga breki. Mshale wa resi unashuka, unazidi kushuka, gari linatetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni huoni kitu, halafu kimya. Limezima. Nyuma yako daladala imeshaanza honi. Au mambo yanakuwa kinyume chake: umeegesha nyumbani, mguu hauko kwenye pedali ya moto, na injini inajipigia resi yenyewe, inapanda, inashuka, inapanda tena. Ukifika gereji huhitaji kueleza mengi. Unasema gari limekosa sailensi, ule mzunguko tulivu wa injini ukiwa hujakanyaga moto, na fundi anakuelewa.

Kinachofuata kwenye gereji nyingi unakijua. Fundi anafungua boneti, anachomoa bisibisi mfukoni, anaipata skrubu moja ndogo pembeni ya throto na kuizungusha nusu raundi. Injini inachangamka. "Tayari, bosi." Unatoa elfu kumi, unashukuru, unaondoka. Wiki mbili baadaye unaanza kulalamika kwamba gari linakunywa mafuta, kwamba ukiingiza D linaruka mbele kama limesukumwa, na kwamba siku ukiwasha AC kwenye foleni linazima vilevile.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: sailensi ikipotea, haipandishwi, inatafutwa ilikopotelea. Na kuitafuta hakuhitaji utajiri. Kunahitaji utaratibu: uanze na vitu vya bure, uende kwenye vya bei ndogo, umalizie na vya bei kubwa. Wengi wetu tunaanzia mwisho.

Kwanza tuwatendee haki mafundi wetu, kwa sababu skrubu ile ina historia. Enzi za Peugeot 504 na Datsun 1200, injini ilikuwa na kabureta, na kabureta ilikuja na skrubu mbili za kazi hiyo hasa. Moja ya kupandisha na kushusha resi, nyingine ya kupima mchanganyiko wa petroli na hewa. Fundi aliinama, akatega sikio, akagusa hii kidogo na ile kidogo mpaka injini ikatulia. Ulikuwa ufundi wa kweli. Ilipotoka Corolla 100 mwaka 1991, na baada yake Corolla 110 mwaka 1995, kwa nyingi kati yake kazi ya kupima petroli ilikuwa imeshahamia kwenye kontroli boksi na nozeli, yaani mfumo wa EFI. Kabureta imeondoka, skrubu imebaki, na mkono bado una mazoea yake.

Sasa tuitazame hiyo throto, tuchukulie ya Corolla 110 yenye injini ya 5A, kwa sababu ni gari ambalo fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, wote wanalijua kama kiganja chao. Ndani ya throto kuna kisahani. Ukikanyaga moto, waya unakivuta kinafunguka, hewa inaingia. Ukiachia, kinafunga karibu kabisa. Ikiwa kimefunga, injini inapata wapi hewa ya kuendelea kuwaka? Pembeni ya kisahani kuna njia ndogo ya hewa, na katika njia hiyo kuna valvu inayoendeshwa kwa umeme. Ndiyo valvu ya sailensi. Kontroli boksi ndiyo inayoiamuru. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, inaifungua zaidi, na resi inasimama juu. Maji yakipata moto, inaifunga taratibu mpaka injini itulie kwenye mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Ukiwasha AC inaifungua kidogo. Ukiingiza D, inaiongezea hewa tena. Hakuna binadamu anayepanga sailensi ya gari hili. Inapangwa na gari lenyewe, muda wote, kwa kufuata habari zinazoletwa na sensa.

Ile skrubu ya fundi, basi, kazi yake nini? Ni kizuizi tu, ili kisahani kisikwame kwenye ukuta wa throto. Imewekwa kiwandani. Ukiikaza, kisahani hakifungi tena mahali pake. Swichi iliyo ndani ya sensa ya throto, ile inayoiambia kontroli boksi kwamba dereva ameachia moto, haifungi nayo. Kuanzia hapo kontroli boksi inaamini mguu wako uko juu ya pedali saa zote, na inaacha kuisimamia sailensi. Kuna hasara nyingine ambayo huioni. Ukiwa unashuka mlima Kitonga kwa gia, umeachia moto kabisa, gari la EFI lenye afya hukata petroli kwenye nozeli. Unashushwa na mteremko bure. Swichi ile isipofunga, petroli inaendelea kumwagika mlima mzima. Kukaza skrubu ile ni kama kuongeza sauti ya redio ili usisikie bati linavuja. Mvua haijakoma.

Haya, tuanze msako. Lakini kabla ya yote, gari likae nje, mahali pa wazi, gia iwe P au N, hendibreki juu. Usilipime ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua.

Hatua ya kwanza ni ya bure kabisa: tazama. Tatizo linakuja gari likiwa la baridi, au likishapata moto? Linakuja ukiingiza D, au hata kwenye N? Likitetemeka, tazama mshale wa resi. Mshale ukiwa umetulia tuli kwenye 750 na bodi ndiyo inayocheza, injini yako huenda haina kosa. Mauntingi zimekufa, ile mipira inayobeba injini. Kuna watu wamebadilisha plagi, wakasafisha nozeli, wakanunua mpaka throto ya mtumba, kumbe ugonjwa ulikuwa mpira wa mauntingi uliochanika.

Hatua ya pili ni maji. Unashangaa? Sailensi na maji wapi na wapi? Kwenye Toyota hizi maji ya moto ya injini hupita chini ya throto yenyewe, na sensa ya joto la maji ndiyo inayoiambia kontroli boksi kama injini bado ni ya baridi. Maji yakipungua, au upepo ukibaki ndani ya mfumo baada ya kubadilisha rejeta, ile sensa inajikuta imezungukwa na mvuke badala ya maji. Inaleta habari za uongo. Kontroli boksi inaamini ni asubuhi ya baridi, inafungua hewa, inaongeza petroli. Resi inapanda mpaka kufika kiwango ambacho kontroli boksi inajiuliza: dereva ameachia moto, mbona injini inazunguka hivi? Inakata petroli. Resi inashuka. Inairudisha. Resi inapanda. Hiyo ndiyo ile injini inayopanda na kushuka yenyewe mpaka majirani wanadhani unawafanyia makusudi. Na dawa yake yaweza kuwa lita moja ya maji na dakika chache za kutoa upepo. Fungua mfuniko wa rejeta asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Nasisitiza, ya baridi. Mfuniko ukifunguliwa maji yakichemka utaungua uso. Maji yaonekane yamefika mdomoni. Kama hayapo, usiulize habari za sailensi kwanza, uliza maji yanakwenda wapi.

Na hapa nina ugomvi na mazoea yetu mawili. La kwanza ni kung'oa themostati. Tunaambiwa huku kwetu ni joto, themostati ni ya nchi za baridi, itoe gari lisichemshe. Themostati haipo kwa ajili ya hali ya hewa ya nje. Ipo ili injini ifike joto lake la kazi upesi na ibaki hapo. Ukiitoa, unapokwenda kasi barabara kuu injini inarudi kuwa ya baridi, na kontroli boksi inaendelea kuilisha petroli ya ziada na kushikilia resi juu. Gari lililokuwa linachemsha kwa sababu rejeta imeziba sasa lina magonjwa mawili. La pili ni kujaza maji ya bomba mwaka baada ya mwaka. Maji ya bomba yanaleta kutu na chokaa, yanaganda kwenye sensa na kwenye vijia vyembamba vya chini ya throto. Kulenti si anasa.

Hatua ya tatu ni hewa ya wizi, na hapa ndipo magari mengi ya zamani yanapopatwa. Injini ikiwa sailensi inavuta kwa nguvu, na ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto mkubwa. Kila mpira uliounganishwa pale, wa busta ya breki, wa pumulio la injini, wa sensa ya MAP inayopima mvuto huo, ni mlango. Miaka 25 ya joto la injini inaukausha mpira mpaka unakuwa mgumu, unapasuka kwenye kona, hasa upande wa chini ambao jicho halifiki. Hewa inaingia bila kupitia kwenye valvu ya sailensi.

Namna ya kuitafuta hewa hiyo ni hivi. Chukua kipande cha mpira, ule wa kunyonyea petroli unafaa kama ni mkavu na safi, urefu wa mkono. Ncha moja iweke sikioni, nyingine uitembeze taratibu kwenye kila kiungo cha manifoldi na kila mpira, ukiangalia mikono na nguo zisiguse feni wala mikanda. Penye tundu utasikia mluzi mwembamba ambao kelele ya injini ilikuwa inauficha. Ukiupata, lowesha mahali hapo kwa maji kidogo kutoka kwenye chupa ya kupulizia. Mluzi ukikatika, au injini ikibadilisha mlio, umemkamata mwizi wako. Wapo mafundi wanaopulizia petroli badala ya maji. Injini ni ya moto, ekzosi ni ya moto. Hiyo si njia ya kupimia, ni njia ya kuteketeza gari.

Busta ya breki ina kipimo chake. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, au ukikanyaga breki sailensi ikabadilika sana na ukasikia hewa inavuma karibu na miguu yako, busta au mpira wake unavuja. Hapo si suala la sailensi tena, ni suala la kusimama.

Kuna pia valvu ndogo ya PCV juu ya kava ya tapeti, inayorudisha mvuke wa oili ili uchomwe. Ichomoe, itikise. Ikilia kwa ndani kama mbegu kwenye kibuyu, bado inacheza. Isipolia, imeganda. Bei yake ni ndogo, na bado ndiyo spea inayosahaulika kuliko zote.

Hatua ya nne ni kusafisha. Mvuke ule wa oili, mwaka baada ya mwaka, huacha masizi meusi kuzunguka kisahani cha throto na ndani ya njia ya valvu ya sailensi. Njia inakuwa nyembamba. Hapo ndipo gari linapozima ukisimama kwenye taa, au ukiwasha AC, au ukikata usukani wote wakati wa kuegesha, kwa sababu mzigo umeongezeka na hewa ya kuubeba haipiti. Zima injini, toa throto, isafishe kwa dawa yake ya kupulizia na kitambaa laini. Usikwaruze kwa msasa wala kwa brashi ya waya. Valvu ya sailensi ifunguliwe, isafishwe ndani panapopita hewa, ila dawa isimwagwe kwenye koili yake. Ukirudisha, weka gasketi mpya, maana gasketi ya zamani ikivuja utakuwa umerudi hatua ya tatu.

Wenye magari ya karibuni zaidi mnisikilize hapa. Throto nyingi za sasa hazina waya. Kisahani kinazungushwa na mota. Usikisukume kwa kidole. Na baada ya kuisafisha au kuchomoa betri, baadhi ya magari haya husumbua mpaka kontroli boksi ijifunze upya mahali kisahani kinapofungia. Usikimbilie kununua throto nyingine siku hiyohiyo.

Hatua ya tano ni kuliuliza gari lenyewe. Wengi wanadhani kupima kwa kompyuta ni lazima uwe na mashine. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zinapimwa kwa kipande cha waya. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Kifungue. Kwa ndani ya mfuniko kuna mchoro wa matundu. Tafuta tundu la TE1 na tundu la E1, uyaunganishe kwa kipande cha waya. Soma mchoro mara mbili kabla ya kuchomeka, maana matundu mengine yana umeme wa betri. Zima AC, gia iwe N, usiguse moto. Washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, haina la kusema. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji au waya zake. Tatu kisha moja, 31: sensa ya MAP. Nne kisha moja, 41: sensa ya throto. Ukishamaliza kutengeneza, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta kumbukumbu, halafu endesha uone kama namba inarudi.

Lakini elewa jambo moja. Namba inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Ikisema 22, haijasema nunua sensa. Yawezekana waya umekatika, au soketi ina kutu. Vilevile gari lililokuja baadaye likitoa P0171, linasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Halijasema ni kwa nini. Mpira uliopasuka unatoa namba hiyo, pampu dhaifu inaitoa pia, na sensa ya hewa yenye vumbi halikadhalika. Fundi anayesoma namba na kukuandikia sensa mpya papo hapo hajapima. Amesoma tu.

Hatua ya sita ni moto wa plagi. Dalili yake ni tofauti: resi haipandi wala kushuka kwa utaratibu, injini inakwama-kwama, ina misi, na ukiweka mkono nyuma kwenye ekzosi moshi unakuja kwa kudunda. Kujua silinda ipi haifanyi kazi, chomoa soketi za nozeli moja moja injini ikiwaka. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inashtuka na kushuka. Ukichomoa ya silinda mbovu, hakuna kinachobadilika. Wengine huchomoa waya za plagi. Njia hiyo inapiga shoti, na inaweza kuunguza koili.

Ukishaijua silinda, toa plagi yake uitazame kwenye mwanga. Nyeusi kavu kama masizi ya kibatari: petroli nyingi. Nyeusi yenye kulowa oili: ringi au sili za valvu zimechoka, au oili inavuja kutoka juu. Kwenye injini za aina ya 5A plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu katikati ya kava ya tapeti. Sili za mashimo hayo zikikauka, oili inajaa humo, inalowesha vichwa vya waya, na moto unakimbilia pembeni badala ya kuruka kwenye plagi. Ukibadilisha plagi tu ukaacha sili, baada ya muda mfupi umerudi gereji. Tazama pia kifuniko cha distributa kwa ndani: nyufa nyembamba na vidonda vyeupe kwenye nguzo zake ni sababu tosha.

Petroli nitaipitia haraka. Filta ya mafuta iliyosahaulika, pampu iliyochoka na nozeli zilizoziba zote zaweza kuharibu sailensi, ila mara nyingi gari hukosa nguvu ukilikanyagia pia, si likisimama tu. Kuhusu petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, nchini Tanzania mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili uchakachuaji ugundulike. Hata hivyo, tatizo likianza palepale baada ya kujaza mafuta kituo fulani, anza msako wako hapo.

Ukimaliza haya yote na gari bado halitulii, ndipo unafika kwenye mambo mazito: mkanda wa taimingi uliofungwa ukiwa umeruka jino, valvu zisizofunga vizuri, kompresheni iliyoshuka. Kuna kifaa kidogo kinachoweza kukuonyesha mapema, geji ya mvuto, inayochomekwa kwenye manifoldi. Injini nzima ikiwa sailensi, mshale wake unasimama tuli kwenye inchi 18 hadi 21 za zebaki ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari. Mbeya au Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, utasoma pungufu ya hapo kwa inchi 5 hivi, na huo si ugonjwa. Mshale ukicheza kwa mdundo usiobadilika, tafuta valvu. Geji hiyo inaweza kumwokoa mtu asifungue injini bure. Nashangaa kwamba kwenye gereji nyingi huikuti, lakini bisibisi zipo kumi.

Msikilizaji, sasa nirudishe lawama nyumbani. Fundi anaikimbilia ile skrubu kwa sababu sisi tumemfundisha. Tunamlipa akibadilisha kitu. Akitumia saa nzima na kipande cha mpira sikioni, akagundua mpira wa shilingi elfu tano umepasuka, tunamwambia, "Fundi, kwani umefanya nini hapo?" Tunampa elfu mbili ya soda. Akituambia tununue sensa ya laki moja na nusu, tunatoa, kwa sababu tumeona kopo jipya. Fundi naye ana watoto. Kesho yake na yeye ataanza na sensa. Tumejenga soko linalolipa spea na halilipi akili, halafu tunalalamika kwamba mafundi wanabahatisha.

Na wewe mwenye gari usimfiche fundi. Sema ukweli kwamba themostati ilitolewa mwaka juzi. Sema kwamba kuna fundi mwingine aliigusa throto, kwamba injini iliwahi kuchemsha njiani Chalinze ukaimwagia maji ya dimbwi. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye gari kilio huja ukiwa katikati ya daraja, usiku.

Kama skrubu yako imeshaguswa, inarudishwa. Inalegezwa mpaka kisahani kifunge chenyewe, halafu inakazwa hadi iguse tu, kisahani kisikwame, kisha swichi ya sensa ya throto inapimwa kwa mita kuhakikisha inafunga ukiachia moto. Gari likianza kuzima baada ya hapo, usiogope. Sasa ugonjwa wake wa kweli umeonekana, na unajua pa kuanzia: maji, hewa, masizi, namba, plagi, petroli.

Kwa hiyo mkipeana mkono na fundi safari hii, patana naye bei ya kupima kabla ya bei ya kutengeneza, na umlipe hata kama hakubadilisha kitu. Mwambie akuonyeshe kosa kwa macho kabla hujanunua spea. Na ukimwona anafungua boneti na kuanza na bisibisi kwenye throto, hajauliza habari ya maji, hajasikiliza mpira hata mmoja, mshukuru kwa adabu, funga boneti, peleka gari kwa mwingine.